Nukta Karibu na Kiini

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua imeanza leo alfajiri, na mimi nimeanza daftari hili. Shangazi ndiye aliyelinunua. Anasema mtu anayezungumza peke yake jikoni afadhali aandike, angalau majirani wapumzike. Haya, naandika.

Kazi yangu ni kutazama picha. Kituo chetu cha nyota kina darubini moja ya wastani, iko juu ya jengo la mwisho, na usiku Fundi anaitumia kupiga picha za mbingu. Asubuhi naingia mimi. Naweka picha ya jana juu ya picha ya zamani ya mahali palepale, kisha nazibadilisha haraka kwenye skrini: mpya, kuukuu, mpya, kuukuu. Kilichokuwepo zamani kinatulia, kigeni kinapepesa. Nikikosa kigeni naandika kwenye kitabu cha kituo "hakuna kitu." Kwa miaka tisa nimeandika maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu.

Tunachokitafuta zaidi ni nova katika galaksi ya Andromeda, jirani yetu. Nova ni nyota ndogo iliyochoka, inayonyonya gesi ya nyota mwenzake kidogo kidogo, mpaka siku moja gesi inazidi, inalipuka, inang'aa siku chache na kufifia. Nilipomweleza Shangazi akasema anao ndugu wa namna hiyo.

Mwaka jana niliona moja. Nikatuma taarifa kwenye kituo cha kimataifa kabla chai yangu haijapoa. Kesho yake nova yangu ilikuwa imehama. Kumbe lilikuwa jiwe la angani, linajipitia zake mbele ya galaksi, na orodha ya mawe hayo iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma. Mimi sikuisoma. Ikabidi kituo kiombe radhi kwa barua. Tangu hapo Fundi ananiita Bi Jiwe, na wengine wote wakalipokea hilo jina kwa mikono miwili.

Mkuu wa kituo naye akaweka sheria: hakuna taarifa inayotoka bila picha za siku mbili tofauti na sahihi yake. Sasa amepata na programu ya kompyuta inayotazama picha yenyewe. Tarehe 28 bodi inakaa kuamua kama meza yangu itabaki na mtu au itapewa programu. Mimi naipenda hii meza, na siondoki hapa nikiitwa Jiwe. Nimemaliza.

Jumanne, 4 Novemba

Mawingu. Hakuna picha. Nimepanga makabati.

Jumamosi, 8 Novemba

Anga lilikuwa safi jana. Picha ishirini na sita, kila moja nimeitazama mara tatu. Hakuna kitu. Fundi alichungulia akaniuliza kama leo kuna jiwe. Nikamwambia lipo moja, limesimama mlangoni linanizibia mwanga.

Jumatano, 12 Novemba

Picha thelathini na mbili za jana. Hakuna kitu. Nimetoka mapema kumpeleka Shangazi kung'olewa jino. Anadai wameng'oa zima na kuacha bovu.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua siku mbili mfululizo. Mtu wa programu amekuja, wamejifungia na Mkuu saa nzima. Alipotoka akaniamkia shikamoo kwa sauti ya upole mno, ile tunayowasemesha wagonjwa. Nikaitikia marahaba kwa sauti ya mtu mzima wa afya.

Usiku huu huenda kukafunguka.

Jumamosi, 15 Novemba

Kulifunguka kwa muda wa saa mbili tu, kisha mvua ikarudi. Fundi aliniachia picha kumi na moja. Ya tisa ni ya katikati ya Andromeda, karibu na kiini, mahali penye mwanga mzito unaomeza kila kitu. Sehemu hiyo watu wengi wanaipita juu juu kwa sababu inachosha macho.

Nikabadilisha picha. Mpya, kuukuu. Kitu kikapepesa.

Nilisimama, nikatoka, nikatembea korido mpaka mwisho na kurudi. Nilijiambia: mama, tulia, ulishaungua mwaka jana. Nikakaa, nikaanza kutafuta kila sababu ya kuikataa.

Kwanza orodha ya mawe. Nimeisoma mstari kwa mstari, hakuna jiwe linalopita hapo. Fundi alipiga mahali hapo mara mbili kwa tofauti ya nusu saa, na nukta haijasogea hata unywele. Doa la kamera? Doa lingebaki mahali pamoja hata darubini ikigeuzwa, na kwenye picha nyingine za usiku uleule mahali hapo ni safi. Nyota inayojulikana kwa kubadilika mwangaza? Haimo katika orodha. Picha za tarehe 11 sikuhangaika nazo, kitabu kinasema hakuna kitu, tena kwa mwandiko wangu. Mwisho nikafungua orodha ya kimataifa ya nova zilizotangazwa. Hakuna aliyeitangaza.

Nilimpigia Mkuu nyumbani kwake, siku yake ya mapumziko. Alikuja na sandali. Aliitazama ile nukta muda mrefu, akafuta miwani, akaitazama tena, kisha akasema inaweza kuwa nova. Nikamwomba tuitume leo hii, kwa neno "huenda," kila kituo duniani kinatuma hivyo.

"Picha ya pili," akasema.

Nikamwambia mvua hii inaweza kukaa wiki mbili, na nova haimsubiri mtu.

"Sheria hii niliiweka kwa sababu yako."

Niliumia, kwa kuwa ni kweli. Nilimchukia kwa muda wa kama dakika kumi, nikaona najichosha bure, nikarudi kazini.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua. Nimefungua orodha ya kimataifa mara sita. Bado hakuna mtu.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua, na bati la jikoni linavuja. Chakula cha jioni kilinishinda. Shangazi alitaka kujua ninagombana na nani kichwani. Nikamweleza kwamba ile nukta inafifia, kwamba mtu mwingine mahali pakavu ataiona, ataitangaza, na mimi nitabaki na hadithi ya "hata mimi niliiona." Akauliza mwanga wenyewe umetoka huko lini. Nikasema miaka milioni mbili na nusu iliyopita.

Akaweka kijiko chini. Akasema amewahi kuwaona watu wenye haraka, yeye alikuwa mkunga miaka thelathini na nne, lakini anayekimbizana na habari ya miaka milioni mbili na nusu hajapata kumwona. Nilicheka hadi nikapaliwa. Kisha nikala.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua. Orodha bado tupu. Nimeandaa kila kitu: ramani, vipimo, majina ya nyota za kulinganishia. Mawingu yakipasuka kwa dakika kumi tu, sitapoteza hata moja.

Alhamisi, 20 Novemba

Naandika nikiwa na tope mpaka magotini na sijali.

Saa kumi na mbili na nusu jioni nilikuwa nafunga ofisi, Fundi akaja anahema. Upande wa kaskazini kumepasuka, akasema, twende. Tulipanda ngazi mbili mbili. Paa la darubini ni la bati, linasukumwa kwa mkono juu ya reli, na wiki mbili za mvua zimeijaza reli kutu na majani. Likafunguka robo, likagoma. Tulisukuma mpaka nikaona nyota zangu binafsi. Fundi akavua viatu, akapanda ukutani na goti lake bovu, akawa anachokonoa reli kwa bisibisi, mimi nimemshika mkanda asianguke. Juu ya vichwa vyetu wingu linatembea.

Saa moja na dakika ishirini paa likakubali nusu. Andromeda ilikuwa imekaa juu kidogo ya ukingo wa bati. Tukapata dakika kumi na mbili, picha nne. Matone yakaanza. Tulifunika kamera kwa koti langu, tukarudisha paa, tukashuka kama tuliotoka kisimani.

Picha ya kwanza imetikisika. Ya pili ni wingu. Ya tatu, ipo. Imefifia lakini ipo, mahali palepale. Ya nne pia. Niliegemeza paji la uso kwenye meza nikashukuru kwa sauti.

Chai ilikuwa ya kikombe kimoja tu kwenye chupa, tukagawana. Hapo ndipo nilipojua kwamba tangu Jumamosi Fundi anakuja kila jioni kabla ya zamu yake, anasimama juu ya jengo kwenye mvua akitafuta mwanya. Hakuna aliyemtuma. Nikamuuliza kwa nini.

"Mwaka jana mimi ndiye niliyekwambia hiyo ni nova, tuma," akasema. "Umesahau. Halafu nikakupa jina, ili watu wakucheke wewe, wasiniulize mimi."

Nilikuwa nimesahau kweli. Mwaka mzima nimemwona huyu mzee ni mtu wa kejeli tu, kumbe alikuwa anajificha nyuma yangu. Nilitaka kukasirika, lakini alikuwa anatetemeka kwa baridi na miguu yake ilikuwa bado haina viatu. Nikammiminia chai iliyobaki.

Ijumaa, 21 Novemba

Hii siku naiandika yote.

Nilifika saa moja asubuhi kujaza fomu. Mahali ilipo nukta, mwangaza, saa ya kila picha, nikajaza bila kupumua. Ikabaki nafasi moja: tarehe ya picha ya mwisho ambayo kitu hicho hakikuonekana. Wanataka kujua nyota ililipuka kati ya lini na lini. Nikaandika 11 Novemba. Fomu ikadai niambatishe picha yenyewe, nikaifungua.

Ipo.

Ni hafifu. Imezama kwenye ule mwanga wa kiini, lakini ukijua pa kutazama inakutazama usoni. Niliibadilisha na picha ya zamani, ikapepesa. Mara kumi nimebadilisha, mara kumi imepepesa. Ilikuwepo tarehe 11, na asubuhi ya tarehe 12 mimi, mwenye macho ya miaka tisa, niliandika hakuna kitu.

Kitabu cha kituo kinaonyesha na saa. Picha thelathini na mbili nilizimaliza kwa dakika arobaini. Kwa kawaida zinanichukua saa mbili na zaidi. Nilikuwa nawahi miadi ya jino la Shangazi. Tarehe 15 nayo sikuifungua picha hiyo kwa sababu niliuamini mwandiko wangu. Ningeukuta mwandiko wa mtu mwingine, ningehakiki.

Nilikaa nusu saa sijagusa kitu. Sitajidanganya humu daftarini: niliwaza kuficha. Picha ya tarehe 7 ni safi, haina nukta kabisa. Nikiandika tarehe 7 nitakuwa nimesema kweli nusu, na hakuna atakayeifukua ile ya 11 kabatini. Bodi inakaa Ijumaa ijayo. Mtu wa programu akijua, atasimama aseme programu yake isingeikosa, haina miadi wala haina jino.

Nikabeba picha zote, ya tarehe 7, ya 11, ya 15 na za jana, kwa Mkuu. Nilimwekea ile ya tarehe 11 mbele bila maelezo. Alichukua muda, lakini aliiona. Akafuta miwani. Akainuka akafunga mlango, nikajua sasa nimekwisha.

"Usiku ule kulikuwa na wingu jembamba," akasema. "Tungeweza kuiacha hiyo picha."

Sikuelewa mara moja. Huyu mtu niliyemhesabu mwaka mzima kuwa anatafuta sababu ya kunitoa, alikuwa ananitafutia sababu ya kubaki.

"Mkuu, wingu halikuwepo."

"Najua. Na unajua bodi itasoma nini."

"Mwaka jana nilitangaza kisichokuwepo kwa sababu ya haraka. Leo nikificha kilichopo kwa sababu ya woga, hata kwa hii nova hakuna atakayeniamini."

Akanisogezea kalamu, nikaandika pale pale mezani kwake: Tarehe 11 Novemba kitu kilikuwepo, hafifu, mkaguzi alikipita bila kukiona, picha ya mwisho isiyo nacho ni ya tarehe 7. Akasoma, akatia sahihi, akaongeza kwa mwandiko wake kwamba picha zote ameziona mwenyewe. Saa tano na robo tukaituma, na kichwa cha taarifa kinasema: huenda ni nova.

Jioni nilimweleza Shangazi. Akashika shavu lake upande wa jino, akaniambia ningewaandikia kwamba kosa ni lake. Nikamwambia fomu haina nafasi ya jino. Akafikiri, akasema basi vizuri, mficha uchi hazai, na hilo yeye kaliona kwa macho, si methali tu. Halafu, kwa kuwa hawezi kuacha jambo jema likae lenyewe, akaendelea:

"Mwaka jana uliona kisichokuwepo. Mwaka huu hukuona kilichokuwepo. Umebakiza kuona kilichopo, na macho bado unayo."

Nimemwambia akalale.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua. Hakuna jibu. Habari imeenea kituoni kwamba niliipita. Mhasibu alinipa pole ya msiba.

Jumatano, 26 Novemba

Jibu limekuja saa nne asubuhi. Watu wenye anga kavu waliielekeza darubini yao kubwa kwenye nukta yetu na kuuchambua mwanga wake. Gesi ya haidrojeni inatoka kwa kasi, kila dalili ipo. Ni nova, wamethibitisha. Wameomba picha ya tarehe 11 kwa ukubwa wake kamili, kwa kuwa ndiyo pekee waliyoipata inayoionyesha mwangaza wake ukiwa bado unapanda.

Nimelia chooni, nimeosha uso, nimerudi. Nina furaha kubwa na sioni sababu ya kuiandika kwa mafumbo. Fundi alikuja na viatu vipya akaniita kwa jina langu, mbele ya watu. Lilisikika geni. Nilichelewa kuitika.

Ijumaa, 28 Novemba

Bodi imekaa. Programu inaanza Januari.

Mkuu alikuja mwenyewe mezani kwangu, hakuniita ofisini kwake. Alisema nova ilipongezwa kwa dakika tano, kisha mmoja akasoma kwa sauti sentensi yangu, "mkaguzi alikipita bila kukiona," na mjadala ukaishia hapo. Alisema alinitetea. Namwamini. Mwaka jana nisingemwamini. Kuna kazi nyingine, akaendelea, kupokea wageni na kuwaonyesha wanafunzi darubini, mshahara uleule.

Niliumia sana, na nilikasirika, na nilijua kwamba ningerudishiwa ile fomu leo ningeandika sentensi ileile. Yote matatu kwa pamoja. Nikamwambia wageni nitawapokea siku wakija, lakini siku nyingine naomba kitu kimoja.

"Picha zangu zote za miaka tisa. Zile nilizoandika hakuna kitu."

Akauliza ni ngapi. Nilikuwa nimekwisha hesabu: elfu kumi na nne, mia sita na kumi na mbili. Akauliza natafuta nini. Nikasema sijui, lakini moja nimeshaikosa, na siwezi kuwa nimekosa hiyo moja tu. Akaniambia programu ingezipitia zote kwa wiki. Nikasema ipitie, mimi nami nipitie, tuone nani ataomba radhi kwa barua.

Ni mara ya kwanza namwona Mkuu akicheka. Ana pengo.

Jumatatu, 1 Desemba

Mvua imekatika. Nimehamia chumba cha mwisho chenye dirisha bovu, na kompyuta ya zamani. Nimeanza na picha ya kwanza, ya wiki niliyoajiriwa, nilipokuwa bado naogopa hata kugusa kitufe. Naitazama kila moja kwa dakika tano, kwa saa ya ukutani, sina miadi na mtu.

Hadi adhuhuri nimefika ya ishirini na tatu. Ya kumi na tisa nimeirudia mara nane, nimesoma orodha ya mawe ya mwaka ule, nimetembea korido na kurudi. Kwenye kitabu, kando ya "hakuna kitu" ya msichana niliyekuwa, nimeandika tarehe ya leo na neno moja: huenda.